Pimbi, Ndovu na Nguva: Somo Katika Mawe ya Nakuru



Katika somo letu la mara hii tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa miji yetu ya pwani huliuliza kwa wasiwasi. Jambo lenyewe ni khabari ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa zamani yaliyogeuka mawe, na khabari ya mageuko ya viumbe. Watoto wetu huyasoma haya shuleni. Kijana hurudi nyumbani na maswali yake, na mara nyingi hapati ila mojawapo ya mambo mawili: ama aambiwe kuwa yote hayo ni uwongo, basi asiulize tena, ama aachwe peke yake, hata ajione kuwa hapana budi achague baina ya akili yake na dini ya wazee wake.

Yote mawili yana hasara. Kijana aliyeambiwa kuwa mifupa hiyo haipo, siku atakapofika Nakuru au Baringo akaiona kwa macho yake, atajua kuwa aliyemwambia hakwenda kutazama. Na huenda akamdhania vivyo hivyo hata katika yale ambayo mzee huyo aliyajua kweli. Na yule aliyeachwa peke yake atachukua jibu kwa wa kwanza atakayempa. Nasi twaona njia iliyo bora ni ile ya watu wa elimu tangu zamani, nayo ni kulijua jambo barabara kwanza, khalafu ndipo kulihukumu. Kadhi ahukumuye kabla ya kusikiliza mashahidi, hukumu yake haina nguvu hata ikisibu.

Wala hatutakwenda mbali kutafuta mashahidi. Tutawachukua wanyama watatu: pimbi wa majabali ya Nakuru, ndovu wa bara, na nguva wa bahari yetu.

1. Ardhi ya Nakuru, na namna mfupa unavyogeuka jiwe

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nakuru, akishapita Nairobi, huteremka katika Bonde la Ufa. Hapo ardhi imepasuka na kudidimia kwa muda wa mamilioni ya miaka. Ndani ya bonde hilo mna milima ya volkano, kama Longonot iliyo karibu na Naivasha, na Menengai iliyouelekea mji wa Nakuru wenyewe, ambayo shimo lake lina urefu wa kilomita kama 12. Na baina ya milima hiyo yamo maziwa: Naivasha, Elmenteita, Nakuru, Bogoria na Baringo.

Mambo haya mawili, volkano na maziwa, ndiyo sababu ya bonde hili kuwa kama maktaba. Mnyama akifa juu ya nchi kavu huliwa na fisi na tai, na mifupa yake huvunjika kwa jua na mvua, kisha haionekani tena. Lakini akifa kando ya ziwa akafunikwa upesi na tope, au akazikwa na majivu ya volkano, mambo huwa mengine. Nyama huoza, mfupa hubaki. Na maji yenye madini hupenya katika vitundu vya mfupa ule, yakaacha madini yake humo polepole, mpaka mfupa ukawa mzito kama jiwe, na umbo lake lingali lile lile. Hicho ndicho kisukuku. Wanyama wengi mno huoza bila ya kuacha alama, na mmoja mmoja tu ndiye ahifadhikaye hivi. Khalafu ardhi ipasukapo tena, na mvua ikachimba makorongo, yaliyozikwa hutoka nje.

Mfano ulio karibu ni Kariandusi, mahali palipo kando ya barabara baina ya Gilgil na Nakuru, karibu na ziwa Elmenteita. Hapo, katika mwaka 1928, msafara wa Louis Leakey uliona mashoka ya mawe yaliyochongwa zamani sana, mengine kwa jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, lililotokana na moto wa volkano. Na jirani na hapo pana machimbo ya udongo mweupe, mwepesi mno, ambao mpita njia huudhania chokaa. Si chokaa. Ni maganda ya mimea midogo ya majini iitwayo dayatomu, isiyoonekana kwa jicho tupu, ambayo kila mmoja hujijengea ganda kwa mada iliyo jamaa ya kioo. Mimea hiyo iliishi katika ziwa, ikafa, maganda yake yakashuka chini moja juu ya jingine, hata yakawa matabaka manene. Basi mwenye kusimama juu ya ule mlima mweupe, amesimama juu ya sakafu ya ziwa lililokwisha kukauka. Hata maziwa ya Nakuru na Elmenteita, miaka elfu tisa au kumi iliyopita, yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu, na alama za pwani zake zingali zaonekana juu ya vilima, mbali na maji ya leo.

2. Miaka huhesabiwaje?

Hapa muulizaji husema: "Nani aliyekuwapo akaihesabu miaka hiyo?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni hili.

Katika mawe ya volkano mna madini yaitwayo potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo haitulii, bali hupungua kwa mwendo unaojulikana: kwa muda wa miaka kama milioni 1,250 hupungua nusu, na fungu katika hiyo iliyopungua huwa hewa iitwayo aagoni. Jiwe liyeyukapo kwa moto wa volkano, hewa hiyo hutoka yote. Likiisha kupoa na kuganda, aagoni huanza kukusanyika upya ndani yake, wala haipati njia ya kutoka. Basi jiwe lile ni kama saa ya mchanga iliyopinduliwa siku lilipoganda. Mtaalamu hupima potasiamu iliyobaki na aagoni iliyokusanyika, akajua muda uliopita. Na mfupa ukionekana baina ya matabaka mawili ya majivu, hapana shaka kuwa ni mkongwe kuliko tabaka la juu yake, na ni mchanga kuliko lililo chini yake.

Kwa njia kama hii ndivyo ilivyojulikana kuwa matabaka ya vilima vya Tugen, huko Baringo, kaskazini ya Nakuru, yana umri wa mamilioni ya miaka. Katika mwaka 2000 watu wa msafara wa Martin Pickford na Brigitte Senut waliokota huko mifupa na meno ya kiumbe waliyempa jina la Orrorin tugenensis, ambaye umri wake ni kama miaka milioni 6, na wao wamemhesabu kuwa ni katika wa kale mno wa ukoo wa wenye kutembea kwa miguu miwili.

3. Jamaa watatu

Kandokando ya mji wa Nakuru pana kilima kiitwacho Hyrax Hill, maana yake ni Kilima cha Pimbi. Mary Leakey alipachimba katika miaka ya 1937 na 1938, akakuta makao na makaburi ya watu wa kale. Na juu ya majabali yake pana vishimo vya bao vilivyochongwa, ambavyo mtu wa pwani akiviona atavitambua mara moja. Jina la kilima lilitokana na pimbi waliokuwa wakiishi katika mianya ya mawe yake.

Pimbi ni mnyama mdogo, kama sungura asiye na mkia, tena mwenye masikio mafupi. Tukimwuliza mtu yeyote, "Jamaa yake pimbi ni nani?" atasema ni sungura, au ni panya. Ni jibu la mwenye kutazama ngozi tu.

Kuwapanga wanyama ni kazi ya zamani, na watu wetu walikuwa na sehemu yao. Al-Jahiz wa Basra, aliyekufa katika mwaka 255 wa Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama na tabia zao. Baadaye al-Damiri wa Misri, aliyekufa katika mwaka 808, aliwakusanya wanyama katika kitabu chake Hayat al-Hayawan, akawapanga kwa herufi za majina yao. Mpango wa herufi ni mwepesi kwa mwenye kutafuta jina, lakini haukuonyeshi nani ni jamaa ya nani. Katika karne ya 18 alitokea Linnaeus wa Sweden, akawapanga viumbe kwa maumbile yao, na katika chapa ya mwaka 1758 ya kitabu chake akampa kila mnyama majina mawili, kama mtu aitwavyo kwa jina la ukoo na jina lake mwenyewe. Wanafunzi waliosoma mantiki watayatambua majina hayo mara moja, kwani ni ile jinsi na ile nau waliyoisoma katika mlango wa mwanzo. Na vitabu vya shule leo huziita jenasi na spishi. Jenasi kadhaa hufanya familia moja, na familia kadhaa oda moja, na hivyo hivyo mpaka juu.

Sasa na tumtazame pimbi kwa jicho la mwenye kutafuta nasaba. Meno yake mawili ya mbele ya juu hayakomi kukua, na huchongoka kama vipembe. Na pembe za ndovu ni nini? Si pembe kwa hakika, bali ni meno ya mbele ya juu yaliyokua mno. Meno makubwa ya ngiri na ya kiboko hayako hivyo. Hayo ni chonge. Kucha za pimbi ni bapa, na kucha za ndovu ni bapa. Pimbi hubeba mimba miezi saba au minane, na sungura, aliye wa kimo chake, hubeba mwezi mmoja. Hapana mnyama apitaye ndovu kwa urefu wa mimba, nayo ni miezi 22.

Kisha tushuke baharini. Nguva watu wengi humhesabu samaki, kwa kuwa makazi yake ni maji. Lakini nguva huja juu kuvuta pumzi. Huzaa, wala hatagi. Hunyonyesha, na matiti yake mawili yapo kifuani karibu na makwapa, kama ya ndovu yalivyo baina ya miguu ya mbele. Ndani ya kile kikono chake cha kuogelea mna mifupa ya vidole. Na dume la nguva lina meno mawili ya mbele yaliyokua yakawa kama pembe ndogo za ndovu.

Wataalamu waliwashuku zamani watatu hawa kuwa ni jamaa, kwa mifupa na meno yao. Walipopata njia ya kusoma chembe za urithi, yaani ile DNA ambayo mtoto huipokea kwa baba na mama, na ambayo hakimu hukubali kumjulisha mtoto baba yake, wakaona kuwa shuku yao ilikuwa kweli: kati ya wanyama walio hai leo, jamaa wa karibu wa ndovu ni nguva na pimbi. Katika ukoo huo mpana zaidi wamo pia mhanga, na sange, yule mdogo mwenye pua ndefu ambaye mmoja wa jamaa zake, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, huonekana katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Gedi.

Sisi watu wa pwani nasaba twaijua. Mtu akija kudai ukoo, hatutazami kanzu aliyovaa wala mtaa alioketi. Twamwuliza baba zake. Basi bahari kwa nguva ni kanzu, na udogo kwa pimbi ni kanzu. Nasaba yao imo katika meno, na maziwa, na damu.

4. Jamaa waliokwisha kutoweka

Ikiwa hawa ni jamaa, wako wapi waliokuwa kati yao? Jibu limo ardhini.

Huko al-Fayyum, nchi ya Misri, katika matabaka yenye umri upatao miaka milioni 30 na zaidi, imeonekana mifupa ya pimbi wa namna nyingi sana, wengine wadogo kama wa leo, na mwingine mkubwa wa kukaribia kifaru. Katika nchi hiyo hiyo ya Fayyum imeonekana mifupa ya Moeritherium, mnyama wa ukoo wa ndovu aliyekuwa mfupi kama nguruwe mkubwa, asiye na mkonga mrefu, aliyependa vinamasi. Na katika kisiwa cha Jamaica imeonekana mifupa ya mnyama wa ukoo wa nguva, iliyoelezwa na wataalamu katika mwaka 2001, ambaye umri wake ni kama miaka milioni 50. Huyo alikuwa na miguu minne kamili, akiweza kutembea juu ya nchi kavu.

Katika Bonde letu la Ufa wapo pia. Alikuwapo ndovu mwenye pembe nne, mbili juu na mbili chini, ambaye mabaki yake yamechimbwa Turkana. Alikuwapo Deinotherium, ambaye pembe zake zilitoka katika taya la chini zikapinda kuelekea ardhini kama jembe; huyu aliishi Afrika ya Mashariki hata miaka kama milioni moja iliyopita, kisha akatoweka. Na karibu na ziwa Baringo yalionekana meno ya sokwe wa miaka laki tano hivi, na khabari yao ikatangazwa katika mwaka 2005. Leo hapana sokwe wa porini katika Bonde la Ufa lote la Kenya.

Katika mifupa hii mna mafunzo mawili yasiyo na shaka. La kwanza, kuwa viumbe wengi waliokuwapo hawapo tena. Kutoweka ni jambo la kweli, na waliotoweka ni wengi kuliko waliobaki. La pili, kuwa matabaka yana mpango: kadiri uchimbavyo chini, ndivyo wanyama wazidivyo kuwa mbali na wa leo, na kadiri upandavyo juu, ndivyo wazidivyo kuwafanana. Mpango huu haugeuki ukitoka Misri kwenda Kenya wala ukitoka Kenya kwenda Jamaica.

5. Mageuko ni nini, na si nini

Mpango huo ndio uliotaka maelezo, na katika mwaka 1858 Charles Darwin na Alfred Wallace walitoa maelezo yao, na katika mwaka 1859 Darwin akatoa kitabu chake. Maelezo yenyewe, tukiyatoa makelele yaliyoyazunguka, ni mambo matatu. Watoto wa kiumbe mmoja hawafanani sawasawa, na tofauti zao nyingine hurithiwa. Wazaliwao ni wengi kuliko wawezao kuishi hata wakazaa. Basi wenye tofauti iliyowafaa katika mahali pao huacha watoto wengi zaidi, na tofauti ile huenea. Yakikusanyika mabadiliko madogo kama haya kwa vizazi elfu kwa maelfu, ukoo hugeuka, au hugawanyika koo mbili. Hilo la tatu huitwa uchaguzi wa maumbile.

Mfano wake wa wazi kabisa ulipatikana kwetu sisi. Anthony Allison, aliyelelewa katika shamba karibu na Gilgil, alizunguka Kenya katika mwaka 1949 akipima damu za watu. Akaona kuwa alama ya selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao jamaa nyingi za pwani zaujua kwa machozi, ni ya watu wengi pwani na kandokando ya ziwa Viktoria, na karibu haipo katika nyanda za juu zenye baridi. Akauliza: ugonjwa uuao watoto hubakije kwa wingi namna hii? Katika mwaka 1954 akatangaza jibu. Mwenye kurithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui, tena hupata kinga juu ya malaria kali. Mwenye kuirithi kwa wazazi wawili ndiye auguaye. Basi palipo na mbu wengi, alama hiyo ilimwokoa mmoja na kumdhuru mwingine, ikabaki. Pasipo na malaria haikuwa na faida, ikapungua. Huu ndio uchaguzi wa maumbile, nao si katika mawe tu, bali umo katika damu ya watoto wetu. Na faida ya kulijua jambo hili ni kubwa: vijana wawili wanaotaka kuoana wakipimwa damu kabla ya ndoa, hujua khatari iliyo mbele yao.

Sasa tuseme mageuko si nini. Elimu hii haisemi kuwa sokwe wa leo alizaa mtu. Yasema kuwa sokwe na mtu ni matawi mawili ya shina moja la kale, kama binami wawili ambao hapana mmoja wao aliye baba wa mwenzake. Wala haisemi kuwa mnyama hutamani mbawa akazipata. Wala haisemi kuwa pimbi ni ndovu aliyeshindwa kukua. Pimbi ametimia katika mahali pake, kama ndovu alivyotimia katika pahali pake.

6. Wanavyuoni na jambo hili

Tumefika mahali ambapo msomaji atauliza: "Na dini yasemaje?"

Kwanza, kutazama ardhi si jambo geni kwetu. Sura ya al-Ankabut, katika aya ya 20, yatuelekeza kwenda katika nchi na kuchungua mwanzo wa viumbe. Al-Biruni, katika karne ya 5 ya Hijra, aliona maganda ya viumbe wa baharini katika majangwa ya Arabuni, akasema kuwa nchi ile ilikuwa bahari. Wala hapana aliyemkufurisha kwa hilo. Lau angeishi hata leo, angefurahi kusikia kuwa katika mwaka 1964 huko Loperot, nchi ya Turkana, ilionekana mifupa ya nyangumi mwenye umri wa miaka kama milioni 17, mahali palipo kilomita kama 740 kutoka baharini. Na Ibn Khaldun katika Muqaddima yake alieleza namna madini, mimea na wanyama walivyopangika daraja kwa daraja. Hatusemi kuwa hao walimtangulia Darwin, kwani maana yao haikuwa yake, na kujisifu kwa lisilo letu ni aibu. Twasema tu kuwa hawakuogopa kutazama.

Pili, Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, mwalimu wa Rashid Rida ambaye gazeti lake al-Manar lilisomwa hata katika pwani yetu, alilizungumza jambo la Darwin katika kitabu chake al-Risala al-Hamidiyya, kilichotoka katika mwaka 1888. Yeye hakuona kuwa dalili zilizokuwapo zama zake zilitosha. Walakini alisema jambo la hekima: kuwa ikiwa jambo hili litathibiti kwa yakini, halimwondoi Muumba, kwa sababu aliyeumba kwa mara moja na aliyeumba kwa daraja ni Muumba yule yule. Tangu siku zake dalili zimezidi mno, kwa mifupa na kwa chembe za urithi, na wenye elimu hiyo leo hawana khitilafu juu ya asili ya jambo, ingawa wanayo katika matawi yake.

Tatu, hapana budi kupambanua. Mfupa na tabaka na hesabu ya miaka ni jambo la kuonekana na kupimwa. Mageuko ni maelezo yanayoyakusanya yaliyoonekana, nayo hupimwa kwa hayo. Lakini mwenye kusema kuwa kwa hivyo hapana Mungu, huyo ametoka katika elimu ya mifupa, ameingia katika jambo jingine. Hapana mfupa uliochimbwa Baringo wala Fayyum uliosema hayo. Asitudanganye mtu kwa kutuuzia rai yake ndani ya gunia la elimu.

Na nne, juu ya mwanadamu tuseme kweli bila ya kuficha. Wataalamu hawamtoi mwanadamu katika hesabu hii. Mwili wake wausoma kama wausomavyo wa wengine. Nasi twaamini khabari ya Adamu kama ilivyotufikia. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitilafiana namna ya kuyaweka mawili haya pamoja: wengine wakamtenga Adamu na hesabu hiyo kwa nassi, wengine wakaliacha kwa Mwenyezi Mungu wala wasilipime, na wengine wakaona njia nyingine. Kuukata mjadala huo si kazi ya somo hili moja. Lakini twasema kwa mkazo kuwa kukanusha mifupa iliyopo si kuitetea dini. Dini ya haki haihitaji kutetewa kwa uwongo.

7. Amana iliyo mikononi mwetu

Tusidhani kuwa kutoweka ni khabari ya zamani tu. Katika mwaka 1741 mtaalamu aitwaye Steller alimwona, katika bahari ya baridi baina ya Urusi na Amerika, mnyama wa ukoo wa nguva mwenye urefu wa mita 8 hivi. Mabaharia wakamwinda kwa nyama na mafuta. Ilipofika mwaka 1768 hakubaki hata mmoja: miaka 27 tu. Kwetu Kenya, vifaru weusi walikisiwa kuwa kama 20,000 katika mwaka 1970, na baada ya miaka 20 hawakufika 400. Wengine wamelindwa kwa ua, kama katika mbuga ya ziwa Nakuru. Na katika mwaka 2018, huko Laikipia, alikufa dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini. Wakabaki majike wawili, mama na bintiye.

Na nguva wetu? Zamani wavuvi waliwaona makundi kwa makundi; leo katika maji ya Lamu na Kiunga waliobaki ni wachache mno. Nguva jike hubeba mimba mwaka na zaidi, huzaa mtoto mmoja, kisha hungoja miaka kabla ya kuzaa tena. Basi jarife moja likimnasa jike mmoja, lililokatika halirudishwi kwa haraka. Ukoo uliodumu miaka milioni 50, uliotoka nchi kavu ukaingia baharini, waweza kukatika mbele ya macho yetu kwa sababu ya uzembe wa nyavu. Mwenye kujua umri wa kitu huona haya kukivunja. Kwa hivyo twawausia ndugu zetu wavuvi: nguva akinaswa angali hai, akatwe wavu aachiliwe, japo wavu una thamani, na yale majani ya baharini alayo yasing'olewe kwa makokoro.

Na wazazi twawausia hivi: mtoto akirudi na swali la visukuku, asifukuzwe. Mwambieni yale yaliyoonekana, na namna yalivyopimwa, na mahali elimu hiyo inapokomea. Na kama njia itapatikana, mpelekeni Nakuru akaone mwenyewe.

Maswali ya kuzungumzwa katika darasa:

Kwa nini Bonde la Ufa limehifadhi mifupa mingi kuliko nchi nyingine?

Kwa alama zipi hujulikana kuwa nguva si samaki?

Alama ya selimundu yafaa wapi, na yadhuru wapi?

Ni lipi katika maneno ya mwalimu wa shule lililo la elimu ya viumbe, na lipi lililo rai yake mwenyewe?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.